Kitanda Kilichopotea Njia ya Mwaloni

"Hivi Kuruthumu, siku ukifa nani atawaanua hawa dagaa?"

Jirani yake Safina ndiye aliyeuliza, mwaka ule ugonjwa ulipomlaza miezi miwili. Tena aliuliza huku anampepea, kwa mapenzi kabisa. Kuruthumu akamjibu, "Nitawaanua kwanza, ndipo nife. Pepea na huku."

Baridi yabisi alikuwa nayo mwaka wa kumi na tisa sasa. Si ile ya kuchua mafuta ukalala. Hii ilimpinda vidole kama tangawizi, magoti yamejaa, na asubuhi nyingine hata kikombe cha chai hushikiwa. Dawa alimeza, sala haikumpita hata kama ni kwa ishara ya kichwa, na dagaa aliuza. Katonga nzima hakukuwa na dagaa safi kama wake, maana aliwaanika juu ya vichanja, chembe ya mchanga huioni.

Shida ilikuwa Mama Shadia, mnunuzi kutoka Tabora. Huyo hanunui gunia ambalo mwenyewe hakusimama nalo. Safari mbili Kuruthumu alishindwa kufika mwaloni, huko ufukweni dagaa wanakouziwa, na safari mbili mzigo wake ukabaki. Ya tatu Mama Shadia akapiga simu.

"Dada, nakupenda, lakini Jumatano saa tatu usipokuwepo nahamia kwa Gervasi moja kwa moja."

Gervasi naye aliuza dagaa, mwenye maneno laini na dagaa wa kusagisha meno.

Jumatano ikafika, magoti yakagoma.

"Tuite bodaboda?" Safina akauliza.

"Bodaboda nitaikalia na magoti ya nani? Niitie Selestini na wapagazi wenzake. Wanibebe na kitanda."

Wakaja wanne, wakakiweka kitanda cha kamba mabegani. Jua lilikuwa kali, Safina akamfunika mwenzake khanga mbili, mpaka usoni. Kuruthumu akawaonya waende taratibu na kimya, maana kutikiswa kulimuumiza. Safina akafuata nyuma anafuta machozi, kwa kumwonea huruma.

Selestini na wenzake walikuwa Wakristo wa kutoka Ilagala, hawakujua machoni pa Waislamu wanafananaje. Pale msikitini, barazani, Mzee Abeid na wazee wenzake walikuwa wanakunywa kahawa. Wakaona kitanda mabegani, mwanamke chini ya khanga, na Safina nyuma analia. Sasa, maiti akipitishwa huulizi ni nani. Unavaa kandambili, unakwenda kupokea bega. Mzee Abeid akapokea. Wa pili akapokea, wa tatu, wa nne. Selestini alishangaa ukarimu ule, akashukuru, akakaa barazani kumalizia kahawa ya watu.

Na maiti hacheleweshwi. Wazee wakashika mwendo wa haraka, wakakata kona, wakapanda kilima cha makaburini. Safina akabaki mbali nyuma, anatweta, sauti haitoki.

Chini ya khanga Kuruthumu alikuwa anavuta uradi, macho amefumba, anayasukuma maumivu. Lakini pua ilikuwa kazini. Harufu ya dagaa ilitakiwa izidi. Mbona inapungua? Akasikiliza. Kikohozi kile cha mbele alikijua.

"Shikamoo, Mzee Abeid."

"Marahaba," mzee akaitikia, kisha ndipo akakumbuka kushtuka. "Laa ilaha illa Llah! Kuruthumu, si umekufa?"

"Nina mteja saa tatu. Mwaloni ni chini huko. Geuzeni, na mwendo uwe huu huu, Mungu atawalipa."

Mmoja alikuwa ameshakimbia. Safina, aliyekuwa ndiyo kwanza anawafikia, akaingia mahali pake, wakageuza. Waliteremka kimya kwa aibu, nyuma yao watu ishirini waliojiunga njiani, ambao hawakuwa wamesikia kitu, wengine wanalia kwa bidii.

Mwaloni, Gervasi alikuwa amesimama na Mama Shadia kando ya magunia yake, lori linangoja.

"Si nilikwambia leo hafiki," alikuwa anasema. Kisha akaona kitanda kinakuja. Akavua kofia.

Mama Shadia aliangua kilio. Gervasi hakuwa mtu wa kushindwa kulia mbele ya mteja. Akakishika kitanda mguu, akapaza sauti.

"Bi Kuruthumu, nisamehe! Mimi ndiye niliyevumisha kwamba ugonjwa wako unaambukiza! Ulikuwa mkweli kutuzidi sote! Wewe ulianika kichanjani, mimi nawamwaga chini, halafu mchanga nao..."

Akavuta pumzi.

"Nimekusamehe," khanga ikasema. "Endelea, mwanangu. Mchanga nao unaufanyaje?"

Waliokuwa wanalia wakaacha. Kuruthumu akaisukuma khanga kwa kiwiko, uso ukatokea, jasho limemjaa.

"Mama Shadia, kusimama na magunia yangu leo siwezi. Nikilala nayo, haifai?"

Mama Shadia alikuwa bado na machozi mashavuni, kicheko kimemkaba. "Yanafaa, dada! Yote! Jamani, pakieni!"

Wazee, kwa kuwa mabega walishayatoa, wakaanza kubeba magunia. Mzee Abeid akachukua la kwanza.

Gervasi akalitazama lori, akaitazama kofia mkononi. Akaivaa, akainyoosha vizuri, akaokota mizani yake, akaenda zake.