Ng'ombe Waliowekwa kwa Lameck

Akina mama wa kanisa la Zuzu walishuka kwenye boti wakiwa wameshika viatu mkononi, wakapanda hadi kwenye geti la bustani ya wanyama. Kisiwa chenyewe kilikuwa kilele cha kilima, kilichobaki juu siku bwawa lilipojaa. Walimwona tumbili, wakamwona nungunungu amelala, wakamwona kobe anakula majani ya kunde. Katika kizimba kilichofuata alikuwamo Nathan, mume wa Hilda, waliyemzika mwaka wa njaa.

Alikuwa amekaa juu ya gogo, amevaa suti ile ile waliyomzika nayo. Kibao kilisema: MAREHEMU. ASILI YAKE ZUZU. HANA MADHARA.

Akina mama vijana wakampa shikamoo, kisha wakampiga picha.

"Habari za siku, baba Ruthu," Hilda akasema.

"Nzuri. Naona umekonda."

Tangu msiba Hilda alikuwa na kesi na Lameck, mdogo wa Nathan. Enzi za uhai wake Nathan aliweka ng'ombe kwa Lameck, kama Wagogo wanavyowekeana: anayetunza anakunywa maziwa, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, na neno la mdomo linatosha. Akiwa mgonjwa kitandani alimwambia Hilda, "Wale ni wako na mtoto." Alipozikwa, Lameck akasema alipewa moja kwa moja. Wazee wa kanisa wakasema shahidi ni mmoja, naye yuko kaburini. Hilda akafunga na kuomba shahidi apatikane. Sasa amepatikana, na Anastazia, mke wa Lameck na mwenyekiti wa akina mama, amesimama pale pale.

"Baba Ruthu, sema wenzangu wasikie. Ng'ombe walioko kwa mdogo wako ni wa nani?"

Nathan akamtazama Anastazia. Anastazia alikwisha kufungua mfuko wa karanga, anampitishia penye tundu la wavu bila kulitafuta.

"Nilimpa," Nathan akasema.

"Kitandani uliniambia nini?"

"Nilikuwa mgonjwa."

"Na huyu anakujia tangu lini?"

"Anakuja kila wakivuna. Wewe hukuja."

"Mimi nilikuwa nakuja kaburini!"

"Kaburini sikai," Nathan akasema, akatema ganda.

Mustapha, mtunza wanyama, akasogea. "Mama, usimsumbue. Akikasirika hali chakula."

"Basi leo atashiba," Hilda akasema.

Anastazia akamshika bega. "Dada, si umesikia mwenyewe? Tusiharibu safari."

"Umeolewa?" Nathan akamuuliza Hilda.

"Sijaolewa. Nilikuwa natunza heshima yako."

"Vizuri."

Kivuli kilikuwa mbele ya kizimba tu, wakatandika mikeka hapo. Anastazia akaombea chakula, akamshukuru Mungu kwa mifugo na kwa ndugu wanaopendana. Hilda akaitika amina, maana sala ni ya Mungu. Akafungua hotipoti yake ya ugali wa uwele na mlenda. Nathan alikuwa amesimama, vidole kwenye wavu, anatazama.

Hilda hakuwahi kula huku mume wake akimtazama. Akamega ugali, akachovya, akapiga goti, akampitishia kwa mikono miwili.

Nathan akatafuna polepole.

"Mlenda haujakolea chumvi," akasema.