Zamu ya Koyama

Ratiba ile niliiandika mie, Fuadi, kwa mikono yangu hii, na hakuna aliyenishurutisha.

Katika kituo chetu cha data hapa Kismayo, makabati ya kompyuta, kila moja la mji au kisiwa chake, yanapelekeana mizigo ya data kwa swichi ya mwanga. Ndani yake mna vioo vidogo. Kioo kikigeukia kabati fulani, hilo linapitisha mzigo wake kwa kasi ya ajabu na mengine yanangoja. Nani apite lini, naamua mie.

Mwenzangu wa kazi, Adnan, alikuwa na mazoea ya kunichokoza: "Leo Wabajuni wamepewa mwanga au bado?" Utani tu, lakini ulinichoma. Sisi Wabajuni wa visiwani tukipata kazi mjini tunaogopa kuambiwa tunabeba watu wetu. Basi siku ile, mteja mkubwa anahamisha nakala zake zote, nikaiweka Koyama, kisiwa chetu, mwisho kabisa, saa sita mchana.

"Haya, sasa sema!" nikamwambia.

Koyama ndiko alikolala mama yangu Mwanapili, mgonjwa. Tangu Idi hatukusemezana. Nilimfokea mbele ya watu kwa kuwa alikataa kuhamia Kismayo. Astaghfirullah, mama mzazi! Jana yake dada yangu Twahira aliniambia, "Muombe radhi, Fuadi. Anataka aisikie sauti yako."

Kupiga simu nikaona haya. Saa mbili asubuhi nikarekodi: "Mama, nimekukosea. Nipe radhi zako." Nikaituma, ratiba nimeisahau.

Saa tatu sauti yangu haijafika. Nikapiga simu, nayo haikupita. Kila kitu cha Koyama kilikuwa kimekwama kwenye kabati lao, kinangoja ratiba yangu mwenyewe. Adnan akaniona nilivyobadilika, nikamweleza.

"Wallahi, geuza kioo! Dakika moja tu, nani atajua?"

"Utajua wewe. Kesho utanicheka."

"Nilikuwa natania, ndugu yangu!"

Kiburi kikanipanda. Zimebaki saa tatu tu, nikajiambia, mama atakwenda wapi?

Saa sita kamili kioo kikageuka. Sauti yangu ikaenda, na papo hapo zikaingia za Twahira, nne kwa mpigo. Ya kwanza: "Fuadi, mbona kimya? Mama anakuulizia." Ya pili: "Anauliza tena." Ya tatu, kwa Kibajuni cha mama: "Anasema tusikusumbue, mwanawe ni mchu wa kazi." Ya nne, ya saa nne na nusu, ilikuwa kilio kitupu, halafu innalillahi.

Nikaketi sakafuni, nikalia bila haya. Adnan akaketi kando yangu.

Baadaye Twahira akapiga. "Sauti yako imefika," akasema. "Tumeshamwosha."

Nikamuuliza kama mama aliniachia radhi.

"Alikuwa akingoja uziombe."