Kujinyima kwa Bwana Breki

"Hivi jirani, nywele zako zimekwenda wapi?" mama wa nyumba ya pili aliwahi kuuliza, ndoo mkononi.

"Zimekwenda kwenye helmeti," fundi cherehani alijibu, akaendelea kuanika mashuka.

Jirani alidhani amezinyoa kwa ajili ya chawa. "Basi afadhali," akasema, akaenda kuchota maji yake.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mume wa fundi, mpima mizani kwenye ghala la saruji, alikuwa na ugonjwa wa baiskeli. Kila Jumamosi alizunguka barabara kuu na wenzake, wao wamevaa vitu vipya vinavyong'aa, yeye na kofia ya kitambaa iliyokwisha rangi. Duka la baiskeli lilikuwa njiani akitoka kazini. Macho hayana pazia, na yake hayakuwa na hata mlango. Siku ilipoletwa helmeti nyekundu yenye matundu ya upepo, alisimama mbele ya kabati la kioo mpaka mwenye duka akamletea kiti. Mate yalimjaa. Kisha akapiga moyo konde, akasema kwa sauti, "Hapana. Najinyima," akatoka. Jioni ile mkewe alivua kitambaa cha kichwa, nywele zote zikabaki humo, zimelala vizuri kama za kuuzwa.

Ikaja zamu ya glavu. Mume akajinyima, na kucha za mkewe zikadondokea kwenye bakuli la vifungo. Alipata kazi kuzitenga, kwa maana zilifanana navyo. Bila kucha uzi mwembamba haushikiki, akajifunza kuutunga sindanoni kwa ulimi na meno. Vilipokuja viatu vya kunasa kwenye pedeli, iliondoka ngozi ya nyayo. Fundi akawa anafunga miguu kwa mabaki ya vitambaa, na alipopita sebuleni aliacha madoa, akayapiga deki mwenyewe.

Mume aliliona jambo hilo wala hakulikana.

"Pole, mke wangu. Mungu anatupima."

"Unasema unajinyima," mkewe alisema. "Hiyo 'ji' nimeitafuta nyumba nzima, siioni."

Mume akacheka. Alipenda mke mwenye maneno.

Mara moja tu alishindwa. Alikuwa ameikataa kengele, na mkewe akapoteza sikio la kushoto, hereni na yote. Kesho yake akapita tena dukani, akalegea, akainunua. Alipoipiga kwenye kona ya mtaa, mkewe aliisikia kwa masikio yote mawili, hereni iko mahali pake. Lakini mume hakula chakula cha jioni kwa aibu. Asubuhi aliirudisha kengele, na sikio likaondoka kabla chai haijapoa.

Kwenye nyumba ya ibada walimwita Bwana Breki. Kiongozi wa ibada alimsimamisha mbele ya vijana, akawaambia wamtazame mtu anayejua kusimama. Fundi alikaa nyuma na kitambaa chake kichwani, akaitikia amina pamoja na wengine, kwa sababu mahubiri yenyewe hayakuwa na kosa.

Ndipo ikaletwa miwani, ile ya kuzuia upepo na vumbi, vioo vyake vikigeuka rangi kama shingo ya njiwa. Habari zikaenea. Ikapangwa kwamba Jumamosi Bwana Breki aikatae hadharani, kiongozi wa ibada akiwepo, vijana wajifunze.

Asubuhi hiyo fundi alikuwa kwenye cherehani, sare za shule zimerundikana pembeni.

"Nunua," alisema.

"Ninunue nini?"

"Miwani, mume wangu. Hizi nguo bado hazijatobolewa matundu ya vifungo."

"Tamaa mbele, mauti nyuma. Nimelisema hilo mbele ya watu."

"Nyuma yako nipo mimi."

Mume alilifikiria hilo. Hakuwa mtu mkali. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono, na mtaa mzima ulijua. "Watu wameshakusanyika pale dukani," alisema kwa upole. "Nikinunua leo, uso wangu nitauweka wapi?"

"Na mimi macho yangu?"

"Utazoea. Si ulizoea kucha?"

Akajitazama kwenye kioo, akaona shati lake halina kifungo cha juu. Akalivua, akalitandaza mapajani mwa mkewe.

"Nishonee hiki kwanza," alisema, "ukiwa bado unaona."

Fundi alipekua bakuli mpaka akapata kifungo kinachofanana na vingine. Akachagua uzi unaolandana na shati, ingawa mweupe wowote ungetosha. Akashona, akafunga fundo, akakata kwa meno. Mume akavaa, akakivuta kifungo kukijaribu. Kilishika.

"Mkono wako hauna mfano," alisema.

Fundi alikuwa amekwisha kumwaga sindano zake zote mezani, anazitunga uzi moja baada ya nyingine, mweupe huku, wa buluu huku, na kuzichomeka kwenye kimto kwa mpangilio ambao vidole vingeweza kuukumbuka. Mume alimtazama mpaka sindano ya tatu. Kisha akashika baiskeli yake kwa usukani, akaivusha kizingiti, akashika njia ya dukani.