Neno la Mstari wa Tatu

Mbuke aliweka kidole chake, kilichochubuliwa na sabuni, juu ya mstari wa tatu wa barua ya kumfukuza binti yake shule. "Madam, hili neno linasemaje? Nimeenda kumwombea nafasi shule moja Nyasho, nikaenda nyingine Buhare. Kila mwalimu akifika hapa, anaacha kusoma, ananiangalia mimi."

Neno lilikuwa *immoral*. Madam Wegesa alilifahamu kwa kuwa aliliandika mwenyewe. Miaka kumi na tisa alifundisha Kiingereza katika sekondari hiyo ya Bunda, na maneno ya aina hiyo alikuwa nayo tele: *decent*, *upright*, *integrity*. Aliyatamka mbele ya wanafunzi asubuhi kama mtu anayesoma wasifu wake mwenyewe. Kwa Kiingereza aliweza kumhukumu mtu bila kuuchafua mdomo wake.

Stellah, binti wa Mbuke, alikuwa kidato cha nne. Alionwa mara mbili, akiwa na sare, akitokea mlango wa nyuma wa nyumba ya wageni karibu na stendi. Kamati ya nidhamu iliketi dakika ishirini. Madam alimwamuru ajitetee kwa Kiingereza, kama kanuni ilivyotaka, na Kiingereza kikamkauka kooni. Ukimya ule wakauita kukiri.

"Linahusu maadili, mama Stellah," alisema sasa.

"Maadili yamefanyaje?"

"Kwamba... mwenendo wake haukuwa mwema."

"Sema kama wanavyosemaga sokoni, madam. Mimi sikusoma."

Madam alitazama dirishani. Neno la sokoni lilikuwa moja tu, na alipolitoa lilitoka kwa sauti ndogo, kama la mtu mwingine.

"Malaya."

Mbuke aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Hilo ningelijibu," alisema. "Mimi ndiye nilikuwaga nafua mashuka pale nyumba ya wageni. Mgongo ukinikamata, Stellah anakuja kunikamulia hayo mashuka. Mungeniuliza kwa Kiswahili, ningekuja na mikono hii muione."

Alipoondoka, Madam alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, Mwalimu Mugeta, akaomba barua ifutwe.

"Tukifuta, tunakiri," alijibu Mugeta, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Barua imeshafika wilayani. Halafu madam, wewe ndiye uliyetwambia tusimame imara. Umesahau?"

Hakusahau. Usoni mwa Mugeta aliiona ile amani ya mtu asiye na shaka na nafsi yake, akaitambua. Ilikuwa yake, yeye ndiye aliyemfundisha kuivaa.

Akaandika mwenyewe barua nyingine, kwa mkono, kwa Kiswahili. Kila sentensi ilimpinga. Bila yale maneno marefu hakuwa na pa kujificha: *Nilimsingizia. Sikumuuliza.* Jumamosi akapanda basi hadi Butiama, kwa baba yake Stellah, alikopelekwa binti baada ya shule nyingine kumkataa.

Uani, ng'ombe wanane wageni walikuwa bado wanapigana pembe, hawajazoeana. Madam alizaliwa mkoa huo. Hakuhitaji kuambiwa wameletwa kwa ajili gani.

Stellah alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. Akapiga goti kidogo, akamsalimu, akaipokea barua. Aliisoma yote akiwa amesimama, midomo ikicheza, kisha akaigeuza upande wa pili kuona kama kuna kingine.

"Haina mhuri, madam?"

"Haina."

"Na mtihani umeshaanza."

"Juzi. Lakini mwakani, Stellah, nitakwenda mwenyewe kila shule, nitawaambia..."

Binti alitazama wale ng'ombe, akamtazama mwalimu wake, kwa upole ambao Madam angetoa roho ili usiwepo. Angetukanwa, angepata pa kushika.

"Baba ameshapokea mahari, madam," alisema Stellah. Akaikunja barua, akaiingiza kifuani. "Ni Jumamosi ijayo. Mtakuja?"

Ndani, baba alikuwa akiita mgeni aletewe chai. Madam Wegesa alivua viatu kizingitini, akaingia.