Mlango wa Kabati la Joto

Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikipika, nafunua sufuria kila baada ya dakika mbili, na nikifunga nyumba narudi kusukuma kitasa. Kazini nilikuwa hivyo hivyo, tena nikijisifu.

Kazi yetu ni kutengeneza nakala za ng'ombe. Tunatoa kiini cha yai la ng'ombe yeyote, tunaweka seli ya ng'ombe tunayemtaka, yai likaanza kugawanyika na kuwa kiinitete, kisha tunavilaza viinitete kwenye matone ya virutubisho yaliyofunikwa mafuta, ndani ya kabati la joto, siku saba. Safari hii tulimtaka ng'ombe mmoja mwekundu. Ugonjwa wa kupe ulimaliza zizi lao lote ukamwacha yeye, naye akafa kwa uzee bila kuacha ndama. Seli zake zilibaki kichupa kimoja. Kikiharibika hicho, basi, amekwisha.

Mara nne viinitete vya majaribio, vya seli za ng'ombe wengine, vilikuwa vimekufa siku ya nne. Nilibadilisha virutubisho. Nikapunguza oksijeni. Nikagombana na muuza gesi ya kabati mpaka akaacha kupokea simu zangu.

Mwenzangu wa maabara tunamwita Shangazi, ingawa nimemzidi miaka kumi. Asubuhi moja alinitandikia mezani karatasi ya kumbukumbu za kabati, joto na gesi saa kwa saa. Mstari ulinyooka, ukazama, ukapanda, ukazama tena.

"Dada, hapa saa tatu pana nini? Na saa tatu na nusu? Na saa nne?"

"Umeme huo," nikasema kwa ukali.

"Umeme gani huo unaokwenda kula saa saba na kurudi saa nane?"

Anayekwenda kula saa saba ni mimi. Kila nilipofungua mlango kuvichungulia viinitete, joto lilitoka na hewa ya chumbani ikaingia. Miezi minane nilitafuta mchawi, kumbe nilikuwa nimevaa koti lake.

Niliona haya, lakini nilikwenda kwa mkuu wetu nikamweleza yote kabla kichupa hakijafunguliwa. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Na muuza gesi?"

"Nitamwomba radhi."

"Mwombe leo. Mikono yako ndiyo mizuri kuliko yote hapa, kwa hiyo viinitete utavitengeneza wewe. Ufunguo wa kabati atakaa nao Shangazi."

Nilivitengeneza kwa seli za kichupa kile, na zile siku saba za kusubiri zilinitoa jasho. Nilifuta meza zilizokwisha kufutwa, nikapanga chupa kwa urefu, nikazivuruga nizipange tena. Shangazi alipita akichezesha ufunguo mfukoni, akicheka peke yake. Nilimchukia kidogo.

Siku ya saba alifungua, akaweka sahani chini ya hadubini, akatazama, akarekebisha lenzi, akatazama tena.

"Sema basi!"

"Njoo uone mwenyewe."

Vilikuwa vitano. Vizima, vya mviringo, vimeanza kutanuka. Nilifurahi mpaka machozi yakaniharibia kioo cha hadubini, nikafuta nikahesabu tena. Vitano.

Daktari wa mifugo angevifuata baada ya saa moja, kuvipandikiza kwa ng'ombe walioandaliwa. Roho ilinituma nihesabu mara ya tatu. Badala yake nikairudisha sahani ndani, nikafunga mlango, nikaenda kusubiri nje.