Kibodi ya Kilo Mbili na Robo

Kibodi ilifika katika karakana ya Gakwaya, Mbugangari, Jumatano moja ya Juni 1999, ikinuka urwagwa. Aliyeileta ni Murekatete, mpiga chapa katika kibanda cha kuandikia watu barua karibu na mpaka wa kuingia Goma. Mteja mmoja, akitunga mwaliko wa harusi ya bintiye, alikuwa ameimwagia chupa nzima ya pombe hiyo ya ndizi.

"Fundi, niambie kweli. Itapona?"

"Sijui. Kwanza niitambue."

"Utambue nini? Iko kibodi tu."

Gakwaya alikulia Mwanza, akasomea ufundi huko, na hakupenda neno "tu". Aliipima kwenye mizani ya jirani muuza viazi: kilo mbili na robo. Akaigeuza akasoma lebo: Machi 1988. Akabonyeza kitufe kimoja kilichokuwa hakijakwama, kikatoa mlio mkali.

"Kibodi za siku hizi zina mpira chini ya vitufe," alisema. "Hii ina springi. Pombe haiwezi kuua springi. Kilichokwamisha ni sukari."

"Bon, toa sukari. Ijumaa niko na mutihani."

Mradi mmoja wa maji ulitafuta katibu. Nafasi ilikuwa moja na waombaji waliobaki ni wawili, yeye na Phocas. Kibodi ya mradi ilikuwa nusu mfu, kwa hiyo Murekatete alikuwa ameahidi kuleta yake.

"Miaka sita naandika mialiko ya harusi ya watu," alisema. "Nikikosa hii kazi, nitaandika mpaka ya wajukuu wao."

Gakwaya aling'oa vitufe vyote, mia na viwili, akaviosha kwa sabuni na kuvianika juani. Bamba la ndani alilisugua kwa spiriti. Bamba hilo limepinda, na kwa sababu hiyo vitufe vya herufi vina umbo moja. Chochote huingia popote. Mtu mwingine angechora ramani kabla ya kuving'oa. Gakwaya hakuona haja, kwani mpangilio wa herufi alikuwa ameukariri tangu Mwanza: juu kushoto ni Q, kisha W. Aliona kwamba vitufe vya tarakimu vina é na ç. Akavichukulia kuwa pambo.

Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumanne, kwa hiyo alijaribu kila springi kwa sikio. Milio ilikuwa mia na miwili. Akaandika katika daftari: "Imepona."

Ijumaa aliibeba mwenyewe hadi ofisi ya mradi, iliyokuwa na jenereta, akakaa pembeni na bisibisi yake. Mkuu wa ofisi, Mukandutiye, aliangalia saa yake ya mkononi.

"Wote wawili mutatumia hii moja, ndiyo haki. Mutanakili hii barua, dakika tano. Phocas, anza."

Phocas alivua koti jeusi akalitundika kitini. "Madame, mi niko mwepesi sana. Musipepese macho."

Alitumia vidole viwili, pua karibu na vitufe, na hakuinua macho kutazama skrini hata mara moja. Dakika tano zilipokwisha printa ikakoroma, na Mukandutiye akashika karatasi. Mstari wa kwanza ulisema: "?heshi,izq Bzqnq ?kurugenwi". Wa pili: "?qji yq,ekqtikq ?qhoko".

"We Phocas, hii ni luga gani?"

"Madame! Mi nimeandika Mheshimiwa!"

"Hapa kuko alama ya kuuliza. Unamuuliza mukurugenzi nini?"

Zamu ya Murekatete ilifuata. Macho yake yalibaki kwenye barua ya kunakiliwa, na kelele ya springi ikamfanya mlinzi achungulie dirishani. Karatasi yake ilitoka bila kosa.

"Ulozi!" Phocas alisema. "Hiyo mashini inajua bibi yake!"

Gakwaya aliomba karatasi ya Phocas, akahesabu. A ndogo zilipaswa kuwa thelathini na moja. Zote zilikuwa q. Kila w ndogo ilikuwa z. Anayekosea kwa bahati mbaya hukosea ovyo. Phocas alikuwa amekosea kwa nidhamu. Gakwaya akaitazama kibodi na kuelewa. Ilikuwa ya Kifaransa, na katika kibodi za Kifaransa herufi ya kwanza juu kushoto ni A, inayofuata ni Z, na pale inapokaa M ya Mwanza pana koma na alama ya kuuliza. Yeye alikuwa ameivalisha vitufe kwa mpango wa Mwanza, lakini chini yake kila mahali palibaki na herufi yake ya Kifaransa. Murekatete hakugundua kwa sababu hakuwa na desturi ya kutazama.

Murekatete alikuwa ameshaanza kutabasamu. Gakwaya alisimama.

"Mama, kosa ni langu. Vitufe nimevipanga vibaya. Phocas hakutendewa haki."

"Fundi!" Murekatete alisema. "Hiyo kinywa yako haina mulango?"

Kuvipanga upya kulichukua dakika kumi, kisha mtihani ukarudiwa. Phocas aliandika maneno arobaini na matano katika dakika tano, yote sahihi, akafuta jasho kama aliyechimba mtaro.

Murekatete akaanza. Safari hii, baada ya kusikia habari za A na Q, alitazama chini. Hilo ndilo lililomponza. Kila kidole kilisubiri ruhusa ya jicho, na dakika ya kwanza ilimpa maneno sita.

"Madame, naomba kitambaa, nifunike mikono," alisema. "Kule Goma masista walitufundisha hivyo. Nikiiona, inasahau."

Ofisini hapakuwa na kitambaa. Palikuwa na koti kitini.

"Koti yangu?" Phocas aliruka. "Anishinde na koti yangu?"

"Lete," Mukandutiye alisema. "Saa inaendelea."

Gakwaya alitandaza koti juu ya kibodi na mikono. Likaanza kurukaruka kama gunia lenye kuku. Katika dakika nne zilizobaki yalitoka maneno mia na sabini na mawili, bila kosa.

"Imetosha," Mukandutiye alisema. "Murekatete, Jumatatu saa mbili uko hapa."

Phocas aliomba koti lake. Murekatete, mikono bado ikiandika chini ya koti, alimjibu bila kugeuka kwamba asubiri. Barua ilikuwa bado na mistari mitatu.