Mgeni Aliyejua Kusalimia

Jumamosi moja ya kiangazi, Cibalonza alikuwa jikoni nyumbani kwao Nyalukemba akichambua maharage: ya njano upande mmoja, mekundu upande wa pili, yenye madoa katikati. Mama yake, Domitille, alikuwa akipiga deki. Ubao mmoja wa dari ukasogea. Mwanaume wa makamo akashuka, akakung'uta vumbi kwenye abacost yake, suti isiyovaliwa tai, na kusema, "Jambo, maman. Mulilamuka muzuri?"

Domitille alijibu kwamba wameamka vizuri, akamwomba asubiri sakafu ikauke. Mwanaume akasubiri.

"Ni yeye," Cibalonza alisema, bila kuinua macho.

Tangu mvua za mwisho alikuwa akiwaambia kwamba kuna mtu darini anayemsemesha. Walidhani ni panya. Sasa ilijulikana.

Cibalonza alikuwa na miaka ishirini na minne. Tangu utotoni hakumtazama mtu machoni wala hakutoa mkono. Kuguswa kulimuuma. Soko la Kadutu, na kelele zake, hakuliweza kabisa. Alikula kwenye sahani ya bati ya bluu, si nyingine, na akifurahi vidole vyake vilicheza mbele ya uso wake. Nyumbani walisema yeye iko vile, na maisha yakaendelea. Lakini hakuwahi kuwa mwoga. Jambo hilo mdogo wake, Adélaïde, aliyefundisha shule ya msingi, alilikumbuka vizuri kuliko wengine.

Mgeni alipewa kiti. Wakati wa chakula alimpitishia chumvi baba yao, Stanislas, kisha akamwinamia Cibalonza.

"Bameweka sumu mu chakula yako," akamwambia.

Wote walisikia. Domitille aliweka mwiko chini. "Papa, miye siwezi weka sumu mu chakula ya mutoto wangu."

"Najua, maman. Naambia yeye tu."

Domitille aliona kwamba hilo ni jibu, akampakulia mgeni tena.

Cibalonza alisukuma sahani yake ya bluu. Kuanzia siku hiyo alikula mayai ya kuchemsha tu, aliyoyamenya mwenyewe. Sahani yake ilimaliziwa na mgeni. Mgeni akazidi kuwa mzito, kiti kikaanza kulia chini yake, na Cibalonza akawa anafunga sketi kwa kamba.

"Nasikia woga," alisema kila siku, akitazama dirishani, kwa sauti ya mtu anayesema mvua inanyesha. "Anasema mutanitupa mu maji ya Ruzizi. Mumutoshe inje."

Kwa kuwa hakulia, na uso wake haukubadilika, walimwambia asijali. Mgeni naye alijua kuongea. Alimuuliza Stanislas habari za ofisini, akamtazama machoni, akacheka pale pa kucheka. Majirani walipopita aliwapa mkono.

"Huyu angalau anasalimia," Stanislas alimwambia mke wake.

Siku moja alasiri, Adélaïde akirudi kutoka shuleni, aliwakuta ziwani, chini ya nyumba yao. Mgeni alisimama juu ya jiwe, viatu vikavu, akimwelekeza Cibalonza kwa upole kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia ya posta. Mbele kidogo. Bado kidogo. Maji yalikuwa yamemfika kifuani.

Adélaïde aliingia na nguo zake za kazi. Hakumshika mkono, maana alijua dada yake angerudi nyuma kwa maumivu na kuteleza. Alifungua kikwembe chake kiunoni, akamnyooshea ncha.

"Yaya," alimwita dada yake mkubwa, "shika."

Cibalonza alishika. Wakatoka polepole, kila mmoja na ncha yake.

"Anasema nikikatala, ataingiza weye mu maji," Cibalonza alisema walipofika ukingoni. Meno yake yaligongana. Mgeni aliwapa pole kwa kulowana.

Jioni hiyo Adélaïde alimtoa mgeni nje na kufunga mlango. Hakubisha. Aliketi kwenye ngazi, akawasalimia waliopita, mpaka majirani wakaja kuuliza ni adabu gani ya kumwacha mgeni kwenye baridi. Stanislas aliona haya. Alifungua mlango mwenyewe.

Basi Adélaïde akampeleka dada yake kwa munganga wa hospitali. Domitille alifuatana nao, na mgeni pia, aliyewafungulia milango. Chumba kilikuwa kidogo. Munganga alimwambia Cibalonza asalimie. Cibalonza alitazama pazia.

"Kuko mutu ananitisha," alisema. "Ni huyu. Silale. Sikule."

Munganga alingoja amtazame. Alipoona hamtazami, alimgeukia mgeni, ambaye tayari alikuwa akimtazama.

"Amekuwa vile tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa, munganga," mgeni alisema. "Hata mu utoto hakukuwa anaangalia batu. Muulize maman."

"Ni kweli," Domitille alisema, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Basi alizaliwa hivyo. Kitu ya kuzaliwa haina dawa."

Adélaïde alisimama. "Munganga, vile alizaliwa ni kitu moja, na haimusumbue. Huyu ni kitu ingine. Alizaliwa bila huyu. Amekuja juzi, ameshuka mu plafond, maman ameona."

Munganga alimwangalia mgeni, ambaye alikuwa amekunja miguu vizuri na kuweka kofia juu ya goti.

"Mademoiselle," akasema, "kitu moja inatosha mutu moja."

Akafungua mlango na kumwita mgonjwa aliyefuata. Mgeni alimshukuru kwa niaba ya familia.

Jioni walipiga magoti sebuleni kwa rozari. Stanislas alimwomba mgeni aongoze, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzuri. Baada ya tendo la kwanza mgeni aliwakumbuka marehemu wa nyumba hiyo. Alimtaja babu Aloys. Alimtaja bibi Emérence. Kisha akamtaja Cibalonza, ambaye alikuwa amepiga magoti kati ya mama yake na mdogo wake, ameziba masikio.

"Raha ya milele uwape, ee Bwana," mgeni alisema.

"Na mwanga wa milele uwaangazie," wakaitika.

Adélaïde alisikia sauti ya baba yake, na ya mama yake, na ya tatu. Ilimchukua muda kidogo kutambua kwamba ya tatu ilikuwa yake.

"Niko hapa," Cibalonza alisema.

Walingoja anyamaze. Kisha mgeni akaanza tendo la pili.